Kuvundika Ndizi: Historia ya Tunda, Shimo na Msamiati katika Milima ya Rwanda

Utangulizi

Katika matoleo ya jarida kama hili tumezoea kujadili ngeli, tafsiri na fasihi. Safari hii tunaomba ruhusa ya wasomaji tuzungumzie tunda. Tunakusudia kueleza jinsi ndizi inavyovunwa, inavyoivishwa na inavyoliwa au kunywewa nchini Rwanda, historia ya kazi hiyo, na mambo ambayo mwalimu wa Kiswahili mjini Kigali anaweza kujifunza kutokana nayo. Hoja yetu ni moja: kuivisha tunda ni kazi yenye ufundi wake, na ufundi huo umehifadhiwa katika vitenzi. Kazi ikikoma, vitenzi vyake hubaki kama vyombo visivyo na mtumiaji.

Matunda yanayohitaji kuivishwa baada ya kuchumwa hayapatikani kwetu peke yetu. Ulaya ya zamani ilikuwa na tunda dogo la rangi ya kahawia ambalo Waingereza waliliita medlar. Lilichumwa mwishoni mwa msimu, likiwa gumu na kali kiasi cha kutolika, kisha likalazwa juu ya majani makavu kwa wiki kadhaa hadi lilainike na kuwa karibu na kuoza. Hapo ndipo liliposemekana kuwa tamu. Shakespeare alilitaja katika tamthilia zake, lakini siku hizi Waingereza wengi hawajawahi kuliona. Wazungu walipofika Afrika wakauona mviru, mti wa porini unaojulikana sana Tanzania, waliuita medlar ya Afrika kwa sababu matunda yake yaliwakumbusha lile la kwao.

Majira ya kuchuma tunda hilo la Ulaya, kwa Kinyarwanda, huitwa umuhindo. Kwetu sisi umuhindo ni msimu wa mvua unaoanza mwezi wa Septemba, wakati wakulima wanapopanda, na mgomba hauna haja ya kuungoja. Mgomba huzaa mwaka mzima. Hata hivyo, jambo lililo gumu kwa tunda la Wazungu ndilo gumu kwa ndizi ya Rwanda: kujua tofauti ya kupevuka, kuiva na kuoza, na kulifikisha tunda pale panapotakiwa bila kupitiliza.

Mgomba ulivyofika milimani

Asili ya mgomba ni Asia ya Kusini-Mashariki. Ulifika Afrika zamani sana, na wataalamu bado wanabishana kuhusu njia na karne. Lililo wazi ni kwamba katika nyanda za juu zinazozunguka maziwa makuu, yaani Rwanda, Burundi, Uganda, Kagera na Kivu, mgomba ulipata makazi mapya. Huko wakulima walichagua na kuzidisha machipukizi kwa vizazi vingi hadi wakapata jamii ya ndizi ambazo haziko Asia kwa sura hiyo. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba ndizi hizi za milimani zina undugu wa karibu sana, kana kwamba zote zimetokana na mama mmoja au wachache. Aina zake nyingi zilitokana na mabadiliko madogo ambayo jicho la mkulima liliyaona na mkono wake ukayatunza.

Wakulima wa Rwanda wamezigawa ndizi zao kufuatana na matumizi. Ziko inyamunyo, ambazo hupikwa zikiwa mbichi. Ziko imineke, yaani ndizi mbivu za kuliwa kama tunda. Miongoni mwa aina zinazopendwa ni kamaramasenge, ndizi ndogo yenye utamu mkali. Ziko pia ndizi za kutengenezea pombe, kama intuntu, ambazo zikiwa mbichi huukaza ulimi kwa ukakasi. Ndizi za kundi hili la tatu hazifai kupikwa, na wengi hawapendi kuzila zikiwa mbivu. Thamani yake huonekana baada ya kuivishwa, kukamuliwa na kuchachushwa.

Inafaa kukumbuka kwamba ndizi haikuwa zao la heshima ya juu katika ibada za ufalme. Umuganura, sherehe ya malimbuko, ilikuwa ya mtama na ulezi. Utawala wa Wabelgiji uliipiga marufuku mwaka 1925, mwaka ambao Gashamura, mkuu wa watunzaji wa siri za ibada za mfalme, alipelekwa uhamishoni Burundi. Serikali iliirudisha mwaka 2011, na sasa huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Ndizi ilikuwa na heshima ya namna nyingine, ile ya nyumbani. Migomba ilizunguka boma, ikatoa kivuli, kamba, majani ya kuezekea na kufunikia, chakula, na kinywaji cha kumkaribisha mgeni, kupatanisha waliogombana na kuposea mke.

Kuvuna

Mvunaji hatazami rangi. Ndizi inayosubiri kuwa njano ikiwa bado mgombani huiva vibaya: vichane vya juu hutangulia, vya chini hubaki, ganda hupasuka, na ndege huwahi kabla ya mwenye shamba. Kwa hiyo mvunaji hutazama umbo. Ndizi changa ina pembe zinazoonekana wazi. Ikipevuka, pembe hizo hujaa na kuwa mviringo, na majani ya chini ya mgomba huanza kukauka. Tunda linakuwa limekomaa, lakini bado ni bichi.

Mkungu haukatwi ovyo. Mkulima hulikata shina nusu ili mgomba uiname polepole, na mwenzake huupokea mkungu kabla haujagusa ardhi. Ndizi iliyopondeka huoza pale ilipojeruhiwa huku sehemu nyingine zikiwa hazijaiva. Baada ya hapo mkungu hutenganishwa vichane, ambavyo kwa Kinyarwanda huitwa amaseri.

Shimo liitwalo urwina

Sasa tunafikia kiini cha makala haya. Kitendo cha kuivisha ndizi kwa Kinyarwanda ni gutara, na shimo linalotumika huitwa urwina. Shimo huchimbwa karibu na nyumba au shambani. Kwanza huwashwa moto wa majani makavu ya mgomba ili kulipasha joto na kuondoa unyevu. Kisha kuta na sakafu hutandikwa majani mabichi ya mgomba, vichane hupangwa, majani mengine hufunika juu, na udongo huwa kifuniko cha mwisho. Katika sehemu nyingine huachwa njia ndogo ubavuni ambapo moto wa taratibu hufuka, na moshi wake huingia shimoni. Baada ya siku chache, kwa kawaida kati ya tatu na sita kufuatana na baridi ya mahali, shimo hufunuliwa na harufu huwaita majirani.

Ni nini kinachotendeka gizani? Ndizi inapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huzichochea ndizi nyingine ziive. Moshi nao una ethilini. Shimo lililofunikwa huizuia gesi isitoroke, na joto huharakisha kazi. Wanga hugeuka sukari, ganda hulainika, ukakasi hupungua. Mwaka 1901 Mrusi Dimitry Neljubov alionyesha mjini Saint Petersburg kwamba ethilini huathiri mimea, na mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alithibitisha kwamba matunda yenyewe huitoa. Mkulima wa Rwanda hakuhitaji jina la gesi hiyo. Alijua kwamba shimo lisilozibwa sawasawa huchelewesha ndizi, na kwamba moshi ukizidi ladha huharibika.

Kuanzia hapo kazi ni ya mikono mingi. Ndizi humenywa na kutiwa katika umuvure, chombo cha mti kilichochongwa mfano wa mtumbwi. Hukandwa pamoja na nyasi ziitwazo ishinge. Nyasi hizo hushika nyama ya tunda na kuiacha sharubati itoke ikiwa safi. Sharubati hiyo ndiyo umutobe, na wapo wanaoinywa hivyo hivyo, hasa watoto na wale ambao dini yao inakataza pombe. Wanaotaka kilevi huongeza maji na unga wa mtama uliokaangwa, kisha hufunika chombo na kukiacha mahali penye joto kwa siku moja hadi tatu. Matokeo yake ni urwagwa. Kabla ya kumpa mgeni, mwenyeji huonja kwanza. Kitendo hicho kina kitenzi chake, gusogongera, na maana yake kijamii ni kuthibitisha kwamba kinywaji hakina dhara.

Majina ya ndugu wa urwagwa yanaonyesha jinsi kazi hii ilivyoenea. Warundi huita kinywaji hicho urwarwa. Kivu wanakiita kasiksi. Kagera kuna rubisi, na magharibi mwa Uganda kuna tonto. Wachaga wa Kilimanjaro huchanganya ndizi mbivu na ulezi wakapata mbege. Waliorejea Rwanda baada ya mwaka 1994 kutoka Kongo, Uganda, Tanzania na Burundi walirudi na baadhi ya majina haya, pamoja na Kiswahili chenye lafudhi za huko walikokuwa. Ndiyo sababu mjini Kigali mtu anaweza kuyasikia majina mawili au matatu ya kinywaji kimoja katika baraza moja.

Ndizi ya pwani na ndizi ya mlimani

Kiswahili kilifika Kigali pamoja na biashara na utawala. Mji ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa Wajerumani, na Wajerumani walikuwa wakikitumia Kiswahili katika utawala wao wa Afrika Mashariki. Askari, makarani na wachuuzi walioandamana nao waliunda jamii ya mjini ambayo baadaye, enzi ya Wabelgiji, ilijulikana kwa mtaa ulioitwa Camp Swahili. Biryogo na Nyamirambo bado ni mahali ambapo Kiswahili husikika bila kutafutwa.

Watu hao walikuja na neno ndizi. Pwani, ndizi ilikuwa mojawapo tu ya matunda, pamoja na embe, fenesi na nazi. Mlimani waliikuta ikiwa chakula, kinywaji, mahari na uzio. Neno moja likalazimika kubeba mzigo wa maneno mengi. Insina ni mgomba, hilo halina tatizo. Lakini igitoki, umuneke na inyamunyo vyote hutafsiriwa “ndizi” katika daftari za wanafunzi wetu. Mwanafunzi anayeandika “nilinunua ndizi sokoni Kimironko” hajatuambia kama alikuja na chakula cha jioni au tunda la kumalizia mlo. Kiswahili kina njia ya kusema, yaani ndizi mbichi za kupika, ndizi mbivu, mkungu, kichane. Tatizo ni kwamba mara nyingi tunamfundisha neno moja na kuhamia somo jingine.

Vitenzi vina faida kubwa zaidi. Kamusi za Kiswahili zinatupa viwili kwa ajili ya kazi ya urwina: kuvumbika na kuvundika. Cha kwanza hutumika pia kwa kufukia kitu katika majivu au udongo, na kinatukumbusha vumbi. Cha pili kinatokana na kuvunda, yaani kuoza na kunuka. Wazee waliounda kitenzi hiki hawakuona aibu kukiri kwamba kuiva na kuoza ni majirani. Anayevundika analipeleka tunda katika njia ya kuvunda, kisha analisimamisha kabla halijafika. Hekima hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya mla tunda la Ulaya asubiri hadi lionekane limeharibika.

Kitenzi kuiva nacho kina mambo. Kwa Kiswahili wali huiva na embe huiva. Kinyarwanda kina kitenzi gushya, ambacho hutumika kwa chakula kilicho tayari, kwa nyanya au umuneke ulioiva, na pia kwa nyumba iliyoteketea. Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno anaweza kusema “ndizi zimeungua” akikusudia kwamba zimeiva. Mwalimu asimcheke. Kosa hilo linaonyesha kwamba lugha zote mbili zinaona kuiva kama kupikwa, isipokuwa Kiswahili kimekipa kitendo cha moto unaoharibu kitenzi chake tofauti. Hapo ndipo somo la sarufi linapoweza kuanza, likiwa na kichane cha ndizi mezani.

Na hatuwezi kuusahau usemi wa kujua mbivu na mbichi, wala methali isemayo mvumilivu hula mbivu. Wanafunzi huikariri methali hiyo kwa ajili ya mtihani, wakiamini kwamba mvumilivu ni mtu aliyekaa kusubiri. Aliyewahi kuvundika ndizi ataielewa vingine. Mvumilivu amechimba shimo, amewasha moto, ametandika majani, amepanga vichane na amefunika. Ni baada ya kazi hiyo yote ndipo anapojizuia asifunue mapema.

Uivaji wa uongo

Mambo haya yasingekuwa ya haraka kama urwina ungekuwa salama. Hauko salama. Mwaka 1968 wataalamu walieleza ugonjwa wa bakteria uitwao Xanthomonas katika mmea wa enseti nchini Ethiopia, ambao ni ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ugonjwa huo ulitambuliwa katika migomba ya Uganda, na mwaka 2005 ulikuwa umeingia Rwanda. Wakulima wanauita kirabiranya, kutokana na kitenzi kinachomaanisha kunyauka. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba, na huenezwa pia na panga lililokata mgomba mgonjwa likaenda kukata mzima.

Dalili yake inatuhusu moja kwa moja: ndizi huiva kabla ya kupevuka. Ganda linageuka njano mkungu ukiwa bado mchanga, na ukilipasua tunda unakuta doa la kahawia ndani. Kwa macho limeiva, kwa ulimi halifai kitu. Ndizi za pombe ziliumia sana, maana baadhi ya aina zake zina maua ambayo wadudu huyapenda. Wakulima walielekezwa kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kuchoma au kusafisha vifaa kwa dawa, na kung’oa migomba iliyoambukizwa. Mashamba mengi yaling’olewa.

Aidha, sera za kilimo zimehimiza aina zenye mavuno makubwa na zinazouzika, zikiwemo FHIA 17 na FHIA 25 zilizozalishwa Honduras. Hatupingi hatua hizo. Mkulima wa Ngoma au Kirehe anayepakia mikungu ya kupika kuelekea masoko ya Kigali anasomesha watoto kwa fedha hiyo. Tunachosema ni kwamba intuntu inapoondoka shambani, urwina hauna tena sababu ya kuchimbwa, na kijana aliyekulia Kigali hupata imineke ikiwa njano tayari katika beseni la muuzaji. Hajui aliyeivisha wala jinsi ilivyoivishwa. Mahali pengine wafanyabiashara wenye haraka hutumia kabidi, kemikali ambayo huenda na uchafu wenye sumu, ili ganda ligeuke njano upesi. Huo nao ni uivaji wa uongo, na tofauti yake na kirabiranya ni kwamba huu wa pili haukutakwa na mtu.

Hitimisho

Kiswahili kilipitishwa na Bunge kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, miaka 10 baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza tutafundisha Kiswahili cha nani. Vitabu vingi tunavyotumia vimeandikwa mbali na milima hii, na ni haki kwamba vinazungumzia maembe na minazi. Lakini lugha rasmi ya nchi lazima iweze kueleza kazi za nchi hiyo. Mwanafunzi wa Kigali akishindwa kueleza kwa Kiswahili jinsi bibi yake anavyoivisha ndizi, amejifunza lugha ya wageni. Akiweza, na akilazimika kuleta maneno urwina na umuvure kwa sababu Kiswahili hakina badala yake, ameiongezea lugha mali, kama Wachaga walivyoiongezea mbege.

Tunapendekeza basi zoezi ambalo halihitaji fedha. Wakati wa likizo, kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja aliyewahi kuvundika ndizi. Amsikilize kwa Kinyarwanda, aandike hatua zote kwa mpangilio, kisha azieleze kwa Kiswahili sanifu. Pale anapokosa neno, asilifiche pengo kwa neno la jumla. Aandike neno la Kinyarwanda, alieleze, na aseme kwa nini “shimo” au “chombo” havitoshi. Walimu wakusanye orodha hizo na kuzilinganisha. Tunatarajia wilaya zitofautiane, na tofauti hizo ndizo zitakazotufaa zaidi.

Kazi hii ina muda wake. Wanaojua kupima joto la shimo kwa mkono ni wazee, na mashamba ya intuntu yanapungua. Orodha za maneno tutakazozipokea kabla ya mvua za umuhindo zitajadiliwa darasani mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na anayeweza kufika na kichane kilichovundikwa kwao nyumbani asisite kukileta.